Petroli imemwagika kwenye siti za ngozi: soma dalili kabla hujashika sabuni

Hapa Mwanza mafuta husafiri ndani ya magari ya watu kuliko inavyotakiwa. Mtumbwi uko Igombe au Kayenze, mashine yake inakula petroli, na kituo cha mafuta kiko mjini. Dumu la lita 20 linapanda kwenye buti la Harrier, na buti likiwa limejaa nyavu linahamia siti ya nyuma. Ongeza jenereta za kwenye maduka, pampu za kumwagilia mboga na pikipiki iliyokata mafuta njiani. Mfuniko ukilegea kidogo tu kwenye matuta ya barabarani, umeshaingia kwenye habari hii.

Niseme mapema ninachoamini baada ya kufungua siti nyingi. Ngozi iliyomwagiwa petroli mara nyingi haiharibiwi na petroli yenyewe, inaharibiwa na usafi unaofuata. Mafuta yenyewe yameshashuka zamani, yamekaa kwenye sponji na chini ya kapeti, huku mwenye gari yuko juu anasugua ngozi isiyo na kosa mpaka rangi inatoka. Ndiyo maana hapa tunaanza na dalili: gari lako linakuonyesha nini, chanzo chake kiko wapi, halafu ndiyo ushike kitambaa.

Kwanza moto, ngozi baadaye

Petroli inatoa mvuke hata kwenye baridi kali kuliko ya friza, sembuse kwenye joto letu. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hivyo haupandi juu kutokea dirishani. Unalala chini, miguuni na ndani ya buti. Piga hesabu hii. Lita moja ya petroli ikigeuka mvuke inafika kama lita 200. Mvuke unaanza kuweza kushika moto ukifika takriban asilimia 1.4 ya hewa. Gari dogo lina hewa kama lita 3,000 ndani. Maana yake, petroli ya kujaza glasi moja ya maji, ikiyeyuka yote gari likiwa limefungwa, inatosha kuligeuza bomu.

Kwa hiyo usiwashe gari ili "ulisogeze kivulini". Usishushe vioo vya umeme. Fungua milango yote na buti, uache wazi. Taa ya mlangoni itawaka yenyewe ukifungua, huna la kufanya hapo, lakini usikae unafunga na kufungua. Lisukume kwa mikono mpaka mahali pa wazi penye upepo, mbali na jiko la mama lishe, mbali na anayekaanga samaki, mbali na fundi wa kuchomelea. Terminali ya betri uitoe baada ya hewa kupita vya kutosha, maana yenyewe hutoa cheche, na kuna magari kama Toyota Prius ambayo betri yake ndogo iko nyuma, huko huko kwenye buti mvuke unakokaa.

Mashine ya kufyonza vumbi ni marufuku. Mota yake inatoa cheche na inavuta mvuke moja kwa moja kuupitisha hapo. Feni ya kupuliza joto nayo ni vilevile. Kizima moto chako kitoe nje kikae hatua chache kutoka kwenye gari. Kikiwa ndani ya gari linalowaka hakikusaidii kitu.

Vaa glavu. Petroli ina benzini, ambayo ni sumu inayosababisha saratani, na inapita kwenye ngozi yako wewe pia. Kichwa kikianza kuuma au kizunguzungu kikija, toka, upate hewa, usijikaze kisabuni.

Mafuta yaliyo juu yanyonye kwa kukandamiza: kanga kuukuu, shati la pamba, taulo. Usisugue. Kandamiza, inua, geuza upande mkavu, kandamiza tena, ukitoka pembeni mwa doa kuingia katikati. Kitambaa cha nailoni kiache, kwa sababu kikisuguliwa kikavu kinazalisha umeme tuli. Vitambaa vilivyolowa vianike nje kimoja kimoja, visirundikwe kwenye ndoo ndani ya stoo.

Ni mafuta gani, na ni ngozi kweli?

Maswali haya mawili yanakuokolea pesa kuliko dawa yoyote ya dukani.

Chukua karatasi nyeupe, ikandamize juu ya doa, iache kivulini nusu saa. Alama ikipotea kabisa, ilikuwa petroli tupu. Ikibaki duara inayopitisha mwanga kama karatasi ya maandazi, hapo kuna dizeli, au petroli iliyochanganywa na oili ya 2T, ile ya mashine za mipigo miwili zinazochomea oili pamoja na petroli. Hii ya pili ndiyo inatusumbua sana kando ya ziwa, kwa sababu mashine nyingi za mitumbwi ni za aina hiyo, petroli 50 kwa oili 1. Petroli inaondoka, oili inabaki. Mafuta ya taa yako katikati: yanakauka, lakini kwa kujivuta, na harufu yake ina ukaidi wa peke yake.

Kuhusu ngozi, usijidanganye kwa neno "leza" aliloandika muuzaji. Magari mengi kutoka Japani yana ngozi halisi pale unapokalia na unapoegemea tu. Ubavuni na nyuma ya siti ni ngozi bandia. Na siti zilizovalishwa upya hapa mjini mara nyingi ni reksini tupu. Ingiza mkono chini ya siti, tafuta ukingo uliokatwa. Ukiona nyuzinyuzi kama za kamba iliyochanika, ni ngozi. Ukiona kitambaa kilichofumwa na juu yake plastiki, ni bandia. Tofauti ni kwamba petroli inanyonya mafuta ya asili kwenye ngozi, na hayo unaweza kuyarudisha kwa krimu. Kwenye plastiki inanyonya kile kinachoifanya iwe laini, na hicho hakirudi. Reksini iliyokwisha kukakamaa haina tiba, unapima tu lini utaibadilisha.

Dalili: harufu ilikwisha jana, leo saa saba mchana imerudi

Hii ndiyo kesi kubwa, ndiyo inayoleta watu wengi, na ndiyo inayotibiwa vibaya kuliko zote.

Mama mmoja anayefanya biashara ya dagaa aliniambia hivi tukiwa tumesimama kando ya gari lake pale Kirumba: "Mwanangu, asubuhi gari limepona kabisa. Nikitoka sokoni mchana linanirudia." Nikamuuliza, "Shikamoo mama, siti umeiosha mara ngapi?" Akacheka: "Kila siku naiosha." Ngozi ya siti yake ilikuwa safi kuliko sahani. Tulipofunua kapeti nyuma ya siti ya dereva, ule mkeka mzito wa chini ulikuwa bado umelowa.

Chanzo ni hicho. Mafuta hupita kwenye mishono na, kama ngozi ina vitobo vidogo vya kupitisha hewa, hupita moja kwa moja. Yakishafika kwenye sponji yanatulia. Asubuhi kuna baridi, mvuke ni kidogo. Gari likikaa juani lote linapata joto, sponji inatema. Kuosha ngozi hapo ni kupaka mlango rangi wakati paa ndilo linalovuja.

Ili ujue ni wapi, usinuse gari zima, pua inazoea haraka. Funga gari juani kama saa moja, ukihakikisha hakuna kilichobaki kimelowa waziwazi, kisha fungua mlango mmoja na unuse sehemu moja: kwenye mshono wa siti, halafu toka nje uvute hewa safi, halafu kapeti ya miguuni, toka tena, halafu buti. Mwombe mtu ambaye hakushinda na gari hilo. Pua yake itakwambia ukweli kuliko yako.

Ikiwa ni siti, itoe. Siti ya mbele kwenye Toyota nyingi imeshikwa na bolti nne, spana namba 14. Kabla ya kuinyanyua angalia chini yake: ukiona soketi ya rangi ya njano, hiyo ni ya mfuko wa hewa wa usalama, ule wanaouita eabegi. Toa betri, subiri dakika kadhaa, ndipo uchomoe soketi, na betri isirudi mpaka soketi zote zimerudi. Ukiwasha gari soketi ikiwa nje, taa ya eabegi itawaka kwenye dashibodi na itakulazimu kutafuta mwenye mashine ya kuifuta.

Siti ikiwa nje, iegemeze ubavu mahali penye kivuli na upepo. Upepo wa ziwa wa mchana, ule unaotoka majini kuja nchi kavu, ni dawa ya bure ambayo watu wanaidharau kwa sababu hainunuliwi. Kama ni petroli tupu, siku chache za upepo zinamaliza kazi bila kugusa maji. Sponji huvimba kidogo ikinyonya petroli na hurudi ikikauka, usiogope umbo lake la siku ya kwanza. Harufu ikibaki baada ya hapo, fundi siti aivue ngozi. Kule ndani imeshikwa na ringi ndogo za waya, na kijana mwenye koleo na subira anazitoa zote bila kuchana kitu. Sponji iliyo uchi inapumua haraka mara nyingi zaidi.

Ikiwa ni kapeti, ng'oa plastiki za kizingiti cha mlango, inua kapeti ufike kwenye bati. Ule mkeka mzito wa chini unanyonya mafuta na hauyaachii. Uutoe wote uuanike, au uukate kile kipande na kuweka kipya, haulipi kuuhangaikia. Uangalie pia nyaya zinazopita pembeni mwa kizingiti, zifute kwa kitambaa kikavu, na usitie maji hapo hata kidogo.

Unga wa kunyonya harufu una kazi yake, lakini ni wa mwisho, si wa kwanza. Bekin soda ya kupikia, nyunyiza kavu juu ya ngozi iliyokwisha kukauka na kwenye kapeti, iache ilale, asubuhi uifute. Angalia usichanganye na magadi. Magadi ni makali sana kwa ngozi, na nimeona watu wakiyapaka kwa sababu tu yote mawili ni meupe na yanaitwa soda. Mkaa uliowekwa kwenye beseni chini ya siti unasaidia kidogo. Wa jikoni hauna nguvu ya ule uliotengenezwa maalumu kunyonya harufu, ila hauna madhara. Marashi ya kuning'iniza kwenye kioo hayaondoi chochote, yanakuongezea harufu ya pili.

Dalili: harufu haipungui kabisa, au inazidi ukijaza tenki

Simama hapa. Inawezekana huna tatizo la siti.

Petroli iliyomwagika mara moja hupungua kila siku, hata ukiiacha bila kufanya lolote. Harufu isiyopungua ina mahali inapotoka mpya. Nimeona siti nzuri zikivuliwa bure, kumbe gasketi imechoka. Kwenye magari mengi madogo ya Toyota, pampu ya mafuta inazama ndani ya tenki ikiwa imefungwa kwa juu, na mfuniko wa kuifikia uko chini ya siti ya nyuma. Kama uliwahi kubadilisha pampu na fundi akarudisha gasketi ya zamani, mvuke unatokea hapo, unapenya, unaingia ndani ya gari. Unayekaa mbele unalaumu dumu la mwezi uliopita.

Jaza tenki, endesha kwenye mlima, ile ya kupanda Bugando inatosha, halafu simama, inua kalio la siti ya nyuma na unuse pale kwenye mfuniko wa bati. Ikipiga kali, peleka kwa fundi wa mitambo siku hiyo hiyo. Kama pale ni pakavu, aangalie mpira unaotoka mdomo wa tenki kwenda kwenye tenki, maana hupasuka kwa uzee, na kile kikopo chenye mkaa kinachonyonya mvuke wa tenki. Kikopo hicho kinauawa na tabia moja: bomba la kituoni limeshajikata lenyewe, wewe unamwambia kijana "ongeza, ongeza, ifike mdomoni". Mafuta yanaingia kwenye kikopo badala ya mvuke na mkaa unalowa.

Kuvuja si jambo la usafi. Usiendelee na sabuni mpaka hilo limefungwa.

Dalili: harufu inakuja ukiwasha AC tu

Filta ya hewa ya ndani, ambayo kwenye magari mengi ya Kijapani iko nyuma ya kisanduku cha dashibodi upande wa abiria. Imekuwa ikizungusha mvuke ule ule. Ibadilishe, endesha vioo vikiwa wazi na AC ikivuta hewa ya nje.

Doa jeusi linalong'aa, halikauki

Ni oili. Dizeli au 2T. Hapa upepo peke yake hautoshi.

Kwenye ngozi yenyewe, rudia kunyonya kwa unga mkavu. Poda ya mtoto ni nzuri, au unga laini wa wanga. Weka tabaka nene, funika kwa kitambaa, acha usiku kucha. Asubuhi unga utakuwa umebadilika rangi na kushikana vijidonge. Upangusie kwenye karatasi, weka mwingine. Unapoona unga unatoka mkavu kama ulivyouweka, umefika mwisho wa kile unga unaweza.

Ndipo uoshe. Lita moja ya maji ya vuguvugu, kijiko kidogo cha sabuni laini ya maji au shampuu ya mtoto. Ipige mpaka itoe povu, na utumie povu, si maji. Sponji laini iliyokamuliwa, eneo la ukubwa wa kiganja, duara ndogo bila kukandamiza, halafu kitambaa chenye maji safi kilichokamuliwa, halafu kikavu. Maliza kiganja kimoja ndipo uende kingine. Dodoki liache bafuni.

Sababu ya kusisitiza sabuni laini ni hii: ngozi inatoka kiwandani ikiwa na asidi kidogo, pH (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi inazidi) ya kama 3.5 hadi 5. Sabuni ya unga ya kufulia na magadi viko juu ya 10. Kwenye shati tofauti hiyo haikusumbui. Ngozi inakauka, inakuwa ngumu, na rangi ya juu inaanza kuachia, na wewe unadhani ni petroli.

Sponji ya siti iliyokunywa dizeli, sema ukweli na mfuko wako. Kufua sponji nene ikakauka mpaka katikati, kipindi cha mvua za vuli au masika, ni kazi ya kukaribisha ukungu. Kukata sehemu iliyoathirika na kubandika sponji ngumu ya kiwango kile kile ni nafuu kwa muda na kwa pua. Usikubali sponji ya godoro laini. Utazama kwenye siti kabla miezi miwili haijaisha.

Ngozi inanata

Magari karibu yote yana ngozi iliyopakwa rangi na tabaka la ulinzi juu. Petroli hulegeza tabaka hilo. Likiwa bado laini, ukilikalia linashika alama ya suruali, ukilifuta linatoka. Basi usilikalie na usilifute. Acha milango wazi kivulini, siku moja au mbili, nyingi hukaza zenyewe.

Isipokaza, uliza nani aliipaka nini. Mara nyingi jibu ni thina, au ile spiriti ya kufuta wino, au petroli nyingine ("tulitaka kutoa doa la petroli kwa petroli"). Au ni dawa ya kung'arisha dashibodi ambayo mtu ameipulizia kwenye siti. Hiyo ya mwisho inatoka kwa povu la sabuni laini. Tatu za kwanza zimeyeyusha tabaka, na hilo ni jambo la kupaka upya.

Kitambaa kinatoka na rangi

Acha. Hata kama doa halijaisha. Kila mfuto mmoja zaidi unaongeza gharama ya fundi. Fundi mzuri wa kupaka ngozi atasafisha mafuta kwanza, atapitisha msasa laini sana, atachanganya rangi kulingana na sehemu ambayo haijapigwa na jua (mwonyeshe chini ya kichwa cha siti), kisha ataweka tabaka la juu. Anayekuja na kopo la rangi ya viatu mwambie asante. Polishi ya viatu inaonekana vizuri jioni hiyo, na kesho yake iko kwenye shati jeupe la abiria.

Ngozi imekauka, inalia ukikaa, mikunjo inaanza kuonyesha nyufa

Petroli imeondoka na mafuta ya ndani ya ngozi. Hii ina tiba ukiwahi, kabla ufa haujapasuka kabisa. Safisha kwa povu, acha ikauke, halafu krimu ya kulainisha ngozi ya gari, inayouzwa kwa kazi hiyo. Kiasi kidogo kwenye kitambaa, si kwenye siti, ipake nyembamba, subiri iingie, ufute iliyobaki. Rudia kesho yake kwa mikono myepesi hivyo hivyo. Kupaka nyingi mara moja hakuharakishi, kunaacha utelezi.

Mafuta ya nazi, Vaseline, mafuta ya alizeti: naelewa kwa nini, yako nyumbani na mkononi yanalainisha. Ya kula huchacha na kuifanya ngozi iwe nyeusi mahali mahali. Vaseline hukaa juu, inakusanya vumbi la Mwanza lote, na vumbi hilo ndilo linalokwangua rangi kila unapokaa. Na kwenye usukani, kitu chochote cha kuteleza ni hatari.

Ufa uliokwisha kufunguka haufungwi na krimu. Unajazwa na kupakwa na fundi, au kipande kinabadilishwa.

Vumbi jeupe kwenye mishono

Pitisha kitambaa chenye unyevu. Likitoka na lisirudi, ilikuwa bekin soda au sabuni iliyokaukia; brashi laini ya meno kwenye mshono, basi. Likirudi baada ya siku mbili na lina harufu ya nguo zilizokaa sandukuni, ni ukungu, yaani siti ilifungwa kabla haijakauka. Rudi nyuma, ivue, ikauke kweli. Vijana wa kuosha magari wakikuuliza "Kaka, tuipige presha ndani?" jibu ni hapana, leo na siku zote.

Ngozi imejitenga na sponji, imevimba kama lengelenge

Gundi imeachia. Nyumbani hakuna la kufanya. Fundi siti anavua na kubandika. Usichome sindano.

Baada ya kupona

Jua letu ni kali kuliko watu wanavyodhani. Ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Ngozi iliyopita kwenye petroli inalihisi jua kuliko ya mwenzake. Weka kizuizi cha jua kwenye kioo cha mbele, egesha ukigeuza siti iliyotibiwa upande wa kivuli, na krimu nyembamba kila baada ya miezi mitatu au minne. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya krimu, siyo baada.

Maji uliyooshea yenye mafuta usiyamwage mtaroni. Mitaro ya katikati ya jiji inaishia mto Mirongo, na Mirongo unaingia ziwani, na ziwani ndiko tunakovuta maji ya kunywa. Unga ulionyonya mafuta na sponji zilizokatwa zifungwe kwenye mfuko baada ya kukauka nje, ziende na taka, zisichomwe uani.

Na dumu, kama ni lazima lisafiri: liwe la kubebea mafuta, lenye mfuniko wa mpira ndani, siyo la mafuta ya kula lenye kipande cha nailoni kwenye shingo. Usilijaze mpaka juu, petroli inatanuka ikipata joto. Lijaze likiwa chini kwenye zege, si likiwa ndani ya buti juu ya kapeti. Lisimame wima, lifungwe lisitembee, ndani ya beseni la plastiki lenye kina ambalo litashika kinachodondoka. Dirisha liwe wazi njia nzima. Ukifika Kayenze, lishushe kabla hujaanza kusalimiana na watu.